Kivuli Nacho Ni Urithi: Jibu kwa Wenye Kusema Hesabu Haiko Desturi

Siku kamati ya chama ilipogawa kazi za kijitabu hiki, kila mtu alichukua fungu lake. Mmoja alichukua mahari, mwingine kilio na matanga, mwingine ngoma, mwingine majina ya mapacha. Sisi tuliomba kuandika juu ya kupima vitu virefu kwa kivuli chao: miti, nguzo, vichuguu, na vile vilima vya udongo ambavyo kazi ya shaba imetuachia hapa Kingamyambo. Kukawa kimya kidogo. Halafu mzee mmoja, ambaye tunamheshimu na hatutamtaja jina, akasema: "Mwalimu, ile ni mambo ya masomo. Hapa tunatafuta mambo ya bankambo." Watu wakacheka kwa adabu, nasi tukacheka pamoja nao. Lakini tulipofika nyumbani kicheko kilikuwa kimekwisha. Jibu letu ndilo hili.

Tuanze na hao bankambo wenyewe. Aliyejenga nyumba ya duara alichoma kijiti katikati ya kiwanja, akafunga kamba, akazunguka. Hakuita ile kamba nusu kipenyo, lakini nyumba yake ilikuwa duara, haikuwa yai. Nguzo ya katikati aliikata kwa kipimo, maana nguzo ikipungua mkono mmoja paa linakaa chini na mvua inaingia. Na kipimo alikuwa nacho mwilini mwake: wanda, shubiri, mkono, pima. Wazee wa Kitshokwe, majirani na jamaa zetu, walichora sona mchangani: walitanguliza vitone kwa ncha za vidole, nafasi sawasawa, kisha mstari ukazunguka vitone vyote, mara nyingi bila kidole kuinuka, huku mwenye kuchora anasimulia hadithi. Paulus Gerdes, mwalimu wa hesabu aliyefanya kazi Msumbiji mpaka alipofariki mwaka 2014, aliandika vitabu vizima juu ya hesabu iliyo ndani ya michoro ile. Je, sona ni ngoma au ni masomo? Tunaona kwamba ni vyote viwili, na mtu akitaka kuvitenganisha anaua kimoja.

Na lugha yetu pia inajua kivuli. Kiswahili kilifika huku Katanga na njia za misafara ya karne ya 19, Bunkeya ya Msiri ikiwa soko mojawapo kubwa. Neno alasiri sisi hapa hatulitumie sana, lakini ndugu zetu Waislamu wa Kasongo na Maniema wanalijua vizuri, kwa maana ni saa ya sala. Saa ile inajulikana kwa kivuli: unasimamisha fimbo, unakumbuka kivuli chake cha saa sita ya mchana, na pale kivuli kinapozidi kile cha mchana kwa urefu wa fimbo yenyewe, basi alasiri imeingia. Watu walioishi hivyo walipima kivuli kila siku ya Mungu, kabla ya saa ya mkono, bila kalamu. Mtu asituambie leo kwamba kivuli kililetwa na padri pamoja na tablo.

Kuko upinzani mwingine, ambao si wa kucheka. Mwaka mmoja tulipeleka wanafunzi uwanjani, tukawapanga wawili wawili: mmoja anasimama, mwenzake anapima kivuli chake. Kesho yake mama mmoja akaja masomoni asubuhi mapema, kitenge kimefungwa kwa nguvu, hakutaka hata kukaa. Akasema: "Baba mwalimu, kivuli ya mutu hapana kupima. Mukipima kivuli ya mutoto wangu, ni kama munamupimia sanduku." Tulijua alikuwa na kifo nyumbani mwezi ule. Wenzetu wawili wakataka kumweleza sayansi. Sisi tukawazuia. Sisi wenyewe tulipokuwa wadogo tulionywa tusikanyage kivuli cha mkubwa, na mpaka leo miguu yetu inakwepa yenyewe. Tukamwambia: "Mama, una haki. Tutapima fimbo. Fimbo haina jamaa." Akatuangalia, akacheka kidogo, akaenda zake.

Na tukiri, yule mama alitusaidia kuliko vitabu. Mtoto hasimami wima. Anageuza kichwa, anacheka, anavaa kofia. Fimbo ya mita moja, iliyonyoshwa kwa uzi wenye jiwe, haichoke. Tena hesabu yake ni nyepesi: kivuli cha mti ukigawanya kwa kivuli cha fimbo ya mita moja, unapata urefu wa mti kwa mita, basi. Hakuna haja ya kalkulatrisi. Tangu siku ile hatukupima tena kivuli cha mtu, na hatukuona hasara.

Lakini lawama kubwa si ya wazee wala ya mama yule. Ni yetu sisi walimu. Tulipotoka ISP na diploma mkononi, tulifundisha Thalès miaka mingi kwa kreya: mistari miwili sambamba, mistari miwili inayoikata, uwiano huu sawa na uwiano ule, nakilini, fungeni kaye. Wanafunzi walinakili vizuri sana. Kisha siku moja tulimwuliza kijana aliyepata 18 ku 20 katika somo lile: mlingoti wa bendera wa masomo una urefu gani? Mlingoti ambao anasimama mbele yake kila asubuhi anaimba wimbo wa taifa. Akafikiri, akajibu: "Mita makumi tano." Tulipoupima kwa kivuli ulikuwa mita 7. Kijana hakuwa mjinga. Tulikuwa tumempa Thalès asiyekuwa na jua.

Na huyo Thalès mwenyewe, mnajua alikuwa wapi? Waandishi wa Kigiriki wa zamani wanasimulia kwamba katika karne ya 6 kabla ya Kristu alifika Misri, akangoja saa ambayo kivuli cha mtu kinalingana na kimo chake, na saa ileile akapima kivuli cha piramidi. Maana yake somo hili ambalo tunaliita la Ulaya lilifanyika juu ya ardhi ya Afrika, juu ya jengo la Waafrika. Wamisri wenyewe, katika papirusi iliyonakiliwa na mwandishi Ahmosi karibu mwaka 1550 kabla ya Kristu, waliacha hesabu za mteremko wa piramidi. Kipimo chao kiliitwa seked. Hapa kuko wenzetu wengine wanaoruka juu na kusema Mgiriki aliiba kila kitu, na kwamba bankambo wetu wa huku walijua yote hayo kabla yake. Tunawaomba wapole. Papirusi ipo, inatosha. Hatuhitaji kuzua lingine juu yake, kwa sababu mtoto akija kugundua tumemdanganya jambo moja, atatupa na yale ya kweli.

Kitu ambacho tablo haionyeshe, na piramidi inaonyesha, ni hiki. Mlingoti ni mwembamba: kivuli chake kinaanzia pale unapoingia ardhini. Piramidi haiko hivyo. Ncha yake iko juu ya katikati ya msingi, na katikati hapaonekane, pamefunikwa na mawe. Piramidi kubwa ya Giza ilikuwa na kimo cha mita 146 hivi, na kila upande wa msingi mita 230. Nusu ya msingi ni mita 115. Saa ambayo kivuli kinalingana na kimo, na jua limekabili upande mmoja sawasawa, kinachoonekana nje ya msingi ni mita 31 tu. Mtu akipima zile 31 na kusema "nimemaliza", amepoteza mita 115 chini ya mawe.

Sisi hatuna piramidi, lakini tuna vichuguu. Msomaji wa mbali ajue kwamba vichuguu vya Katanga haviko vile vya kufika magotini. Kuko vya mita 8 kwenda juu, vyenye miti juu yake, na watu wanakatamo udongo wa matofali mwaka kwa mwaka. Ndiyo piramidi ya kila kijiji. Tuliwapeleka wanafunzi penye kimoja, tukawaachia wafanye wenyewe. Kundi la kwanza likasimamisha fimbo ya mita 1: kivuli mita 1,50. Kisha likapima kivuli cha kichuguu kutoka mguuni mwake mpaka ncha ya kivuli: mita 2. Wakagawanya: mita 1,33. Msichana mmoja akaangalia karatasi, akaangalia kichuguu, akaenda kusimama karibu nacho. Kikamzidi mara nyingi. Akasema: "Mwalimu, hii hesabu inasema miye niko murefu kupita kichuguu." Hatukumsaidia. Walikaa chini ya mti robo saa wakibishana, na ndiyo robo saa tunayoipenda kuliko zote katika kazi yetu.

Mwishowe mvulana mmoja, mtoto wa fundi wa matofali, akasema lazima kuhesabu na tumbo la kichuguu. Wakakizungusha kamba: mita 44. Ukigawanya kwa 22 juu ya 7, kipenyo ni mita 14, na nusu yake mita 7. Kivuli chote basi ni 7 na 2, yaani 9. Ukigawanya kwa 1,50, kichuguu ni mita 6. Yule msichana akakubali kuwa mfupi.

Saa nayo ina mambo yake. Ukienda na jua liko juu, kivuli cha kichuguu kinabaki juu ya kichuguu chenyewe, hakitoke nje, hakuna cha kupima. Lazima kungoja jua lishuke kuliko mteremko. Wachoma makala wanajua hivyo bila kufundishwa, ni sisi wa tablo tuliohitaji kujifunza.

Tuseme pia juu ya vitabu. Tulisomea, na tukafundishia, vitabu vilivyochapwa Ulaya, ambamo kivuli cha saa sita ya mchana kinaelekea kaskazini siku zote. Kule ni kweli. Hapa ni uongo nusu ya mwaka na zaidi. Kolwezi iko karibu digrii 10,7 kusini ya ikweta, kwa hiyo jua linatupita kichwani. Mwezi wa sita, katikati ya baridi, fimbo ya mita 1 inatupa kivuli cha sentimita 68 mchana, na kinaelekea kusini. Mwezi wa kumi na mbili kivuli kile kinabaki sentimita 22 au 23, na kimegeuka, kinaelekea kaskazini. Kati ya hapo kuko siku mbili, karibu tarehe 21 ya mwezi wa pili na tarehe 21 ya mwezi wa kumi, ambazo mlingoti haina kivuli kabisa mchana. Mwanafunzi wetu anayeandika kwenye mtihani kwamba kivuli cha mchana kinaonyesha kaskazini anapata pointi zake zote, halafu anatoka nje na kupotea njia kwao.

Tena ule mchana wenyewe si wa saa ya ukuta. Saa yetu imewekwa kwa jua la digrii 30 mashariki, nasi tuko karibu na digrii 25 na nusu. Jua linachelewa kutufikia dakika 18, na kufuatana na mwezi zinaongezeka au kupungua. Mwezi wa pili jua linafika katikati karibu saa sita na dakika 32. Mwezi wa kumi saa sita na dakika 3. Tuliwahi kuona mwenzetu akipima "kivuli cha saa sita" kwa kufuata kengele ya masomo, halafu akilaumu wanafunzi kwamba fimbo yao haijanyoka. Fimbo ilikuwa imenyoka. Kengele ndiyo ilikuwa imepinda. Njia ya kweli ni ya wazee: kivuli kinapokuwa kifupi kuliko vyote vya siku ile, ndio mchana.

Watu watasema: sawa, mwalimu, lakini kazi yake ni nini? Hii inatuuma, kwa hiyo tutaisimulia.

Katika mtaa wetu kulikuwa mti wa kaliptusi kwenye kiwanja cha jirani mmoja, baba wa watoto sita. Mti ulikuwa umeanza kuegemea, akaita mkata miti. Ilikuwa kiangazi, jua zuri, nasi tulikuwa tunapita na wanafunzi wanne waliobeba fimbo na kamba. Tukaomba ruhusa ya kupima, kwa mazoezi tu. Kivuli cha fimbo mita 1,25. Cha mti mita 22,50. Mti basi mita 18. Kutoka shinani mpaka jiko la nyumba ni mita 14. Watoto wakaenda kumwambia mwenye nyumba kwa heshima: "Papa, muti itafika ku jiko." Mkata miti akacheka: "Haifike. Miye nakata miti tangu munazaliwa, niko naona na macho." Naye baba akasema maneno ambayo mpaka leo wale vijana wanayarudilia: "Ile ni hesabu ya batoto." Tuliomba angalau wafunge kamba waivutie upande wa barabara. Kamba ina bei, wakaiacha.

Mti uliangukia jiko. Paa likaingia ndani, sufuria na mbabula vikabaki chini ya matawi. Mama wa nyumba alikuwa ametoka kuchota maji dakika chache kabla. Hatusemi zaidi.

Tusidanganyane, kipimo kile hakikuwa cha dhahabu. Ncha ya kivuli cha mti mrefu haina ukingo safi, inafifia karibu nusu mita, kwa sababu jua si tundu la sindano, lina upana wake. Kiwanja kilikuwa na mteremko kidogo. Tungeweza kukosea mita nzima juu au chini. Lakini kati ya 18 na 14 kuko mita 4, na hapo kosa la mita moja halimwokoi mtu. Macho ya mkata miti yalikosea zaidi ya mita 4. Tena wakata miti wengine, walio waangalifu, wanayo njia yao nzuri, na ingefaa kuandikwa hapa kuliko ngoma tatu: unashika fimbo wima yenye urefu wa mkono wako ulionyoshwa, unarudi nyuma mpaka fimbo inafunika mti toka shinani mpaka ncha, na pale uliposimama ndipo ncha itakapofika. Ni pembe tatu zilezile za Thalès, ila hazihitaji jua. Wakati wa masika, mawingu yanapokaa wiki nzima, hiyo ndiyo tunayotumia.

Sasa tufike kwenye kilima chetu. Sisi wa Kingamyambo jina letu linajulikana Londoni na Toronto kuliko Kinshasa, na si kwa ngoma zetu. Ni kwa sababu ya rejeti, udongo laini uliobaki baada ya konsantrateri ya Kolwezi kutoa shaba, wakati wa Union Minière na baadaye wa Gécamines. Mitambo ya zamani haikuweza kutoa yote. Katika miaka ya 2000 makaratasi ya makampuni yalisema kwamba Kingamyambo pamoja na bonde la Musonoi yana tani karibu milioni 113, zenye shaba asilimia 1,49 na kobalti asilimia 0,32. Mwanafunzi wetu anaweza kuzidisha: ni tani karibu milioni 1,7 za shaba. Mwaka 2009 Serikali ilimnyang'anya First Quantum mkataba. Mwaka 2010 ENRC ikanunua. Mwezi wa kwanza 2012 ENRC ikakubali kumlipa First Quantum dola milioni 1.250 kumaliza ugomvi juu ya rejeti na migodi mingine. Mwaka 2018 kiwanda cha Metalkol kikaanza kutoa shaba na kobalti katika udongo ule.

Muda huo wote, katika mtaa, katika kanisa, katika chama chetu hiki, hatukumsikia hata mtu mmoja akiuliza: ile milioni 113, nani alipima, na alipimaje? Tulibishana sana juu ya nani amekula. Juu ya ukubwa wa sahani hatukubishana. Tuliupokea kama vile tunavyopokea hali ya hewa ku radio.

Hatusemi kwamba fimbo ya mita moja ingefanya kazi ya wataalamu. Kivuli kinatoa kimo tu. Asilimia za shaba zinatoka kwenye mashine za kutoboa na maabara. Lakini kimo ukikijua, na upana ukautembelea kwa hatua, unapata ujazo. Ndoo moja ya udongo ukiipima kwenye mizani ya sokoni, unapata uzito. Chukua mfano: hekta moja yenye kimo cha mita 10 ni mita za ujazo 100.000. Kama kila moja ina tani 1,5, ni tani 150.000. Mtu mwenye hesabu hiyo mfukoni anaweza kukaa katika mkutano wa mashauriano na kampuni, wanapoita wakaaji waje kusikiliza na kunywa soda, na akanyosha mkono akauliza swali. Bila hiyo anakunywa soda.

Wengine watasema: kilima kile kina juu bapa na mguu mpana, sio kichuguu, huwezi kukizungusha kamba, nusu ya msingi utaitoa wapi? Swali zuri, na njia ipo. Simamisha ubao wa kimo cha mita 1, ubavu wake ukiwa sambamba na ukingo wa kilima, jua likiwa nyuma ya vyote viwili na limeshuka vya kutosha. Pima kivuli cha ubao kwa kwenda mbele moja kwa moja, pembe mraba na ubao. Tuseme ni mita 1,60. Saa ileile choma kijiti penye ukingo wa kivuli cha kilima. Ngoja nusu saa. Kivuli cha ubao sasa ni mita 2,10: kimesogea mita 0,50. Kama kivuli cha kilima kimesogea mita 6 mbele ya kijiti, nacho pia pembe mraba, basi gawanya 6 kwa 0,50: kilima ni mita 12. Ile sehemu iliyojificha chini ya udongo imejifuta yenyewe, maana haikusogea. Ardhi ya mbele iwe tambarare tu.

Sisi tunafanyia zoezi hili kwenye kilima cha udongo kando ya barabara. Kule kwenye rejeti kuko uzio na walinzi, kingo zinaporomoka, na hatutatuma mtoto wa mtu kuruka uzio kwa ajili ya Thalès. Lakini tungependa siku moja kampuni ifungue mlango kwa masaa mawili, wanafunzi waingie na ubao wao pamoja na walimu. Tuliandika barua. Jibu halijafika. Na udongo unapungua kila mwezi, kwa hiyo atakayekuja kupima baada ya miaka mingi hatakuta cha kupima.

Vijana wanatuambia kuko programu ya simu inayopima mti kwa kuulenga. Tumeijaribu. Nayo inauliza kwanza umesimama mbali gani na mti, na asiyejua kwa nini inauliza anaandika namba yoyote, na simu inamrudishia namba yoyote. Basi.

Kwa mzee wetu tunarudi na heshima. Tunaomba kurasa hizi zibaki ndani ya kijitabu, kati ya mahari na matanga. Na kwa yule ambaye bado anabisha, tutakuwa kwenye uwanja wa masomo tarehe 21 ya mwezi wa kumi, mawingu yakituhurumia. Aje kabla ya saa sita na dakika 3, alete fimbo yake mwenyewe, aisimamishe wima kwa uzi wenye jiwe, atafute kivuli chake.